Kupiga picha dubu Yellowstone: lenzi na kopo la pilipili

Swali: Wakuu, heshima kwenu. Septemba naenda Yellowstone, Marekani, kupiga picha dubu aina ya grizli. Nina lenzi ya milimita 300. Itatosha? Na lile kopo la pilipili la kupulizia, la kumfukuza dubu akikushambulia, linabebwaje?

Jibu 1: Mkuu, sheria ya hifadhi ni yadi 100, yaani mita 91 kutoka kwa dubu. Akikusogelea, wewe ndiye unarudi nyuma. Kwa umbali huo, 300 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha picha cha upana wa milimita 36) inachukua upana wa mita 11 hivi, kwa hiyo dubu wa mita 2 anabaki kadoa. Kodisha lenzi ya milimita 600. Usifidie upungufu wa lenzi kwa kumsogelea dubu.

Jibu 2: Kopo likae kiunoni au kifuani, kamwe si ndani ya begi la kamera. Dubu akikushambulia: chomoa klipu ya usalama kwa kidole gumba, lenga chini kidogo mbele yake, pulizia akiwa mita 9 hadi 18 ili aingie kwenye wingu. Angalia tarehe ya mwisho. Ndegeni haliruhusiwi, hata kwenye mizigo ya chini, basi nunua hukohuko. Usiliache kwenye gari juani, hupasuka.

Jibu 3: Naongeza: jicho likiwa kwenye kamera huoni pembeni. Uwe na mwenzako anayetazama nyuma yako tu. Ukiona kunguru wamejaa mahali au harufu ya mzoga, ondoka polepole bila kukimbia. Dubu hulinda nyama yake, na Septemba anakula mfululizo kujiandaa kwa baridi.