Ndege moja ya vita inafanyaje kazi zote? Na hii Gripen kutua barabarani ni kweli au stori za kijiweni?

Msafiri_Shangani
Wakuu habari za jioni. Jana hapa Mtwara kijiweni kahawa ya pili haijaisha ukaanza ubishi wa ndege za kivita, mi nikaondoka sina hoja. Jamaa mmoja kakomaa kwamba Waswidi wana ndege inaitwa Gripen, hiyo hiyo moja inapigana na ndege zenzake angani, inapiga mabomu chini, inapiga picha za kijeshi, halafu haina shida na uwanja, inatua kwenye lami ya kawaida tu. Mwingine akamjibu kwamba ndege ya hivyo ni sawa na bodaboda iliyobeba abiria, mtungi wa gesi na mbuzi kwa pamoja, itafika ila hakuna kilichokaa sawa. Watu wakacheka ubishi ukaishia hapo, ila mi sijaridhika. Wanaojua naombeni mnieleweshe, inawezekana kweli? Na hiyo lami ni ya aina gani, mtu akiniambia inaweza kutua barabara ya Mtwara-Lindi nimkubalie au nimcheke?

fundi_rada
Mkuu jamaa yako wa kwanza yuko sahihi ila kaisimulia kama muujiza, hamna muujiza pale. Kabla ya Gripen Waswidi walikuwa na ndege nyingine ya vita inaitwa Viggen, na Viggen ilikuwa kama ukoo mzima: kuna ya kushambulia chini, kuna ya kupiga picha, kuna ya kuangalia meli baharini, kuna ya kupigana angani. Kwa nje zinafanana ila ndani kila moja na vifaa vyake, sasa ukiwa na ndege 20 za kupiga picha na adui kaja na ndege za kupigana, hizo 20 zimekaa tu. Nchi yenyewe ndogo, miaka ile ya 80 watu kama milioni 8, NATO hawamo (wameingia 2024 tu hapa), hela ya kulisha ukoo wa namna hiyo hawana. Bunge lao likapitisha mradi 1982 wakitaka umbo moja jepesi linalofanya kazi zote, ikaruka mara ya kwanza Desemba 1988, jeshini ikaingia 1996.

Kilichounganisha hizo kazi ni kompyuta. Rada ni ile ile, rubani anaibadilishia kazi akiwa huko huko juu: sasa hivi tafuta ndege, sasa hivi nichoree ardhi, sasa hivi nitafutie meli. Ila msichanganye mambo, kinachoamua leo inafanya nini ni kile kilichoning'inizwa chini ya mabawa kabla haijaondoka. Ukishaifunga makombora mazito ya kupigia meli na matanki ya ziada ya mafuta imekuwa nzito, haipindi tena kama ilivyokuwa na makombora mepesi ya angani tu. Kwahiyo yule wa bodaboda nae hajakosea sana, ila ndege haibebi vyote kwa safari moja, asubuhi abiria, mchana gesi, mbuzi kesho.

Mlindi_Halisi
Mi nijibu hapo kwa barabara maana ndo ninapoijua 😂. Waswidi wakisema barabara wanamaanisha vipande vilivyoandaliwa tangu enzi za vita baridi, urefu kama mita 800, upana kama mita 16 hivi, vimenyooka na pembeni kumesafishwa. Wazo lao lilikuwa kwamba Mrusi akianza vita cha kwanza atapiga viwanja vya ndege, bas wao wazitawanye ndege porini, zinatoka msituni, zinaruka kwenye lami, zinarudi kujificha.

Sasa njoo kwetu. Barabara zetu za njia mbili hata ukijumlisha na mabega mita 16 hazifiki, Gripen ya kiti kimoja mabawa yake ni kama mita 8.4 kutoka ncha hadi ncha, kwahiyo kukaa itakaa ila rubani akiyumba kidogo tu bawa linakwenda kusalimia mkorosho. Na hata tukisema upana unatosha, MATUTA mkuu. Kuanzia Mtwara mpaka Mingoyo niambie ni kijiji gani hakina matuta, hiyo ndege itue kwa kasi zaidi ya 200 kwa saa halafu ikute tuta limepakwa rangi nyeupe. Kuna vipande vimenyooka vizuri tu ukishatoka Mnazi Mmoja kuelekea Masasi lakini mbuzi utamwambia nini? Mcheke tu.

Korosho_Ghafi
Mnaisifia sana, mnasahau majirani. Afrika Kusini walinunua 26, zimeanza kufika 2008, kombe la dunia 2010 ndo zilikuwa zinalinda anga. Baada ya hapo hela ikakata, mkataba wa matengenezo ukaisha na kuanzia 2021 mpaka 2022 hamna iliyoruka, zimekaa bandani na marubani wamekaa mezani. Ndege ya kazi zote ikawa ya kazi sifuri. Mi naona watu wetu tukiongelea ndege tunaongelea kasi na makombora, hakuna anaeuliza nani atalipa vipuri mwaka wa kumi. Bora hata uwe na ndege ya zamani inayoruka.

fundi_rada
@Korosho_Ghafi hilo nakubali kabisa, na ndo linalonifanya niipende hii kuliko zile kubwa, maana Waswidi waliifikiria tangu mwanzo. Ikitua pale porini inazungukwa na fundi mmoja na vijana watano wa mujibu, yani kama hawa wetu wanaokwenda JKT baada ya fomu siksi, sio mainjinia. Wanajaza mafuta, wanafunga makombora ya angani, ndani ya dakika 10 imeondoka tena. Ina kiinjini chake kidogo cha kujiwashia, haingoji gari la kuja kuichangamsha. Ila vijana wanajaza tu wanafunga tu, injini ikihitaji kipuri kikubwa hapo ni mkataba na hela, na Afrika Kusini ndipo walipokwama.

Binti_Mikindani
Jamani na mi nichangie, hakuna aliyesema kwamba hii kitu ilianguka mbele ya watu mara mbili na rubani alikuwa yule yule. Anaitwa Lars Rådeström. Ya kwanza Februari 1989, ndege ndo kwanza ina miezi miwili tangu iruke, anakuja kutua Linköping ikaanza kunesa juu chini juu chini ikapiga chini ikapinduka, akatoka hai. Ya pili Agosti 1993, maonyesho katikati ya Stockholm watu wamejaa kutazama, ikamgomea, akajirusha na kiti, ndege ikaenda kuangukia kisiwa cha Långholmen na hakufa mtu hata mmoja. Hebu fikirini na huo umati.

Sababu zote mbili ni hiyo hiyo kompyuta mnayoisifia. Umbo lake limetengenezwa makusudi lisitulie lenyewe hewani, lina vile vibawa vidogo vya mbele, ndo maana linapinda haraka, lakini bila kompyuta kurekebisha muda wote mwanadamu hawezi kulishika. Rubani akivuta usukani haraka kuliko programu ilivyotegemea, anavuta nayo inavuta, wanapishana, kila mmoja anamharibia mwenzake. Baadae wakaandika upya zile programu. Halafu vile vibawa ikishagusa lami vinainamia chini vinaikandamiza ndege, breki ziume, ndo inasimama kwenye mita chache. Hiyo napenda.

Msafiri_Shangani
Aisee nimepata silaha za kutosha za leo jioni. Dada umenitisha na huyo rubani, mara mbili na bado akapanda?? Swali la mwisho wakuu, nasikia ina injini moja tu. Huku kwetu bahari ndo hiyo, injini ikizima juu ya maji inakuwaje, na kuna mpya inaitwa E imebadilika nini?

fundi_rada
Injini moja ni kweli, ikizima na ikagoma kuwaka rubani anaruka na kiti, hakuna namna. F-16 ya Wamarekani nayo ina injini moja na dunia nzima inaitumia, unapata wepesi na mafuta kidogo unalipia kwa hiyo hofu.

E imeruka mara ya kwanza Juni 2017. Magurudumu ya nyuma wameyasogeza nje kwenye mabawa ili tumboni ipatikane nafasi ya mafuta, rada mpya ipo juu ya sahani inayozunguka kwahiyo rubani anaweza kugeuka pembeni kukwepa na bado anamwona adui, na sehemu za kuning'iniza silaha zimefika 10. Kuna kombora linaitwa Meteor linalopiga mbali zaidi ya kilomita 100, jeshi la kwanza duniani kulitumia ni hawa hawa Waswidi, 2016, na walilianzia kwenye Gripen za zamani kabla ya hii E. Na zile programu wamezitenga, za kuirusha ndege kivyake na za vita kivyake, wakitaka kuongeza silaha mpya hawagusi zile zinazoishikilia hewani. Dada Mikindani nadhani unaelewa kwanini. Brazil wameagiza 36 na nyingine zinaunganishwa kwao kule kule.

Korosho_Ghafi
Ongezea na hili, injini ni ya Mmarekani. Ya zamani waliichukua F404 ya General Electric wakaiboresha Volvo, E inatumia F414 ya General Electric moja kwa moja. Kwahiyo Mswidi akitaka kukuuzia ndege yake lazima Washington nayo ikubali. Kamwambie huyo wa kijiweni.

Mlindi_Halisi
Na umwambie habari ya matuta.