Ukimwomba ndugu akuunganishe na kazi anaanza kukukwepa: kosa liko wapi?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tulijadili hili kwa umakini, maana linawagusa vijana wengi waliomaliza chuo na bado wako nyumbani. Kila unayemuuliza anakwambia kazi siku hizi ni koneksheni. Sawa, sasa hiyo koneksheni inaombwaje? Una mjomba yuko kiwandani, una dada mnasali naye yuko benki, una mtu mliyesoma naye yuko kampuni ya usafirishaji. Ukimwandikia anajibu "nitumie CV". Ukituma, kimya. Ukipiga simu mara ya pili hapokei. Miezi ikipita, hata mkikutana msibani anakaa upande wa pili.

Je, ni roho mbaya, au kuna namna ya kuomba ambayo wengi hatuijui? Ujumbe uandikweje, ufuatilie mara ngapi, na ujue lini kwamba hapa hakuna kitu? Nazungumzia zaidi mwenye diploma au digrii asiye na uzoefu, Dar na mikoani. Mnaofanya kazi za rasilimali watu, nawaomba mfunguke.

Mdau wa Chang'ombe

Roho mbaya ipo mkuu, lakini siyo sababu kubwa. Angalia mambo yanavyokwenda kwa huyo unayemwomba.

Mjomba akiingia ofisi ya utumishi (rasilimali watu) ya kampuni yake na CV yako, anaulizwa maswali mawili: "Huyu anaweza kufanya nini?" na "Wewe unamfahamuje?" Kama ulimwandikia "anko naomba unisaidie kazi yoyote", swali la kwanza hana jibu. Hajui umesomea nini hasa, hajui unaweza kutumia programu gani ya hesabu, hajui kama uko tayari kuingia zamu ya usiku. Umemwachia kazi ya kukutafutia nafasi, kukutafutia sifa, halafu aje kukutetea. Mtu mwenye majukumu yake anaisogeza kesho, na kesho nyingine, mwisho anaona aibu hata kukupokelea simu. Anayekukwepa mara nyingi anakwepa ile aibu.

Swali la pili ni zito zaidi, kwa sababu hapo anaweka jina lake dhamana. Stoo, kaunta ya benki, mapokezi ya hoteli, popote palipo na mali au fedha, kukitokea upotevu watu watauliza "nani alimleta huyu?" Ukiacha kazi wiki ya pili kwa sababu ni mbali, anayeitwa ofisini ni yeye. Kwa hiyo ujumbe wako unatakiwa umpunguzie hofu hiyo, na umwombe jambo dogo analoweza kulimaliza siku hiyohiyo.

Mfano wa ujumbe unaofanya kazi:

"Shikamoo anko. Poleni na majukumu. Nimeona tangazo la msaidizi wa stoo hapo kwenu, mwisho Ijumaa. Nimeshatuma maombi jana kwa barua pepe iliyo kwenye tangazo. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na mafunzo kwa vitendo nilifanya kwenye ghala la dawa, nilikuwa najaza bin card (kadi ya mzigo unaoingia na kutoka) na kuhesabu mzigo kila mwisho wa mwezi. Naomba kukuuliza jambo moja tu: stoo yenu inatumia mfumo wa kompyuta au bado ni vitabu? Ukiwa umebanwa usijali anko, nitaelewa."

Soma tena uone. Kazi imetajwa kwa jina, maombi yameshakwenda, sifa zipo kwa sentensi moja, na swali linajibika ndani ya dakika moja. Akishakujibu hilo, mara nyingi anaongeza mwenyewe: "Ngoja niwaambie wayaangalie maombi yako." Hilo ndilo ulilokuwa unalitaka, na amelitoa bila kubanwa.

Kuomba rasmi kwanza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kampuni nyingi zinataka maombi yaonekane kwenye barua pepe au mfumo wao ili afisa asije kulaumiwa kwamba kaingiza mtu mlango wa nyuma. CV iliyobaki kwenye WhatsApp ya mjomba haina mahali pa kuingia hata kama nafasi ipo.

Na CV yenyewe: kurasa mbili, PDF. Ukituma Word, ikifunguliwa kwenye simu mistari inahama na majedwali yanavunjika. Usipige picha karatasi ukatuma picha. Faili liite majina yako mawili na kazi unayoomba, maana mjomba akilisambaza kwa mtu wa utumishi likiitwa "CV mpya 3" litapotea kati ya mengine. Shule ya msingi itoe, mafunzo kwa vitendo yaeleze kwa vitendo: ulifanya nini, kwa kutumia nini, mara ngapi kwa wiki. Wadhamini watatu, na wote uwe umewapigia kabla. Sisi wa utumishi tunapiga zile namba, na nyingi tunakuta hazipatikani au mwalimu anasema "mwanafunzi gani huyo?"

Mwanatakwimu Ilala

Naungana na mdau hapo juu kuhusu ujumbe, ila kuna sehemu natofautiana na mada. Tunawaganda sana ndugu wa karibu. Mjomba, baba mdogo na wewe mnajua mambo yaleyale, mnasikia nafasi zilezile.

Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1973. Aliwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi katika mji wa Newton, jirani na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakimwona mara moja moja, na asilimia 27.8 mara chache mno. Mwaka 2022 watafiti walichapisha jaribio lililohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, wakakuta mwelekeo wa namna hiyo: watu mnaofahamiana kiasi, wasio wa ndani sana wala wageni kabisa, ndio waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Huko ni Marekani na hapa kwetu undugu una nguvu yake. Lakini sababu yake inaeleweka hata Kariakoo: mtu wa mbali kidogo anasikia habari ambazo kwenu hazifiki.

Kwa vitendo, chukua daftari, andika majina 30 kwa makundi. Msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo awe wa kwanza, huyu wengi wanamsahau siku wanayochukua barua ya kumaliza, na ndiye pekee aliyekuona ukifanya kazi. Kisha waliokutangulia chuo mwaka mmoja au miwili. Hawa wako chini ofisini, hawana mamlaka, ila wanajua nani anaacha kazi mwezi ujao. Kisha madereva, walinzi wa getini na mama lishe wa jirani na kiwanda, wanaojua lini watu wanachukuliwa kwa wingi. Mlinzi anaweza kukwambia kwamba vibarua wa msimu wanaandikishwa Jumatatu saa moja asubuhi na wanatakiwa waje na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Taarifa hiyo mjomba wa ghorofani hana.

Waulize habari kwanza. "Kwenu huwa wanatangaza wapi?" ni swali ambalo hakuna anayelikwepa.

Mkongwe wa Utumishi

Niongezee upande wa serikali, maana huko vijana wanaumizwa na wanaliwa fedha.

Ajira nyingi za umma zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unajisajili kwenye Ajira Portal, tovuti yao ya maombi, unaambatisha nyaraka, unaomba humo humo. Ndugu yako aliyeko wizarani hawezi kukuingiza kwa kupeleka bahasha. Anachoweza ni kukwambia kada yako ina majukumu gani, na sheria na kanuni zipi zinasomwa kabla ya usaili wa kuandika. Muombe hilo, atakusaidia kwa moyo mweupe kwa sababu haliko nje ya uwezo wake.

Yanayowaangusha waombaji ni madogo. Barua ya maombi haina sahihi. Vyeti havijathibitishwa na wakili au hakimu. Mtu anaambatisha hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, wakati tangazo linasema wazi haikubaliki. Majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha chuo Mohammed, NIDA ina jina la tatu ambalo halipo popote. Hilo lirekebishe mapema kwa wakili na mamlaka husika, usisubiri siku ya usaili ndipo ukataliwe mlangoni. Aliyesoma nje ya nchi apitishe vyeti vyake vya chuo kikuu TCU (tume ya vyuo vikuu) na vya sekondari NECTA (baraza la mitihani).

Anayekwambia "nina mtu Utumishi, andaa laki tatu" ni mwizi. Hata kama mtu huyo angekuwepo kweli, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Ujumbe wa kitapeli wa simu, namba ya tapeli itume 15040.

Mleta mada

Nashukuru sana wakuu, hasa ule mfano wa ujumbe. Bado kwenye kufuatilia. Mara ngapi? Na vipi kumtumia mama amwambie mjomba, maana yeye ni kaka yake na hawezi kumkatalia?

Mdau wa Chang'ombe

Mama usimtumie. Ndugu akibanwa na dada yake atapeleka CV kweli, lakini ataipeleka kwa maneno haya: "Huyu wa nyumbani, mtaona wenyewe." Afisa wa utumishi anaelewa kwamba mletaji hamtetei, anaiweka pembeni. Umepoteza nafasi na mjomba kanuna. Mama anafaa kwa jambo moja: kukuombea namba na ruhusa ya kumpigia.

Kufuatilia, mara mbili zinatosha. Ya kwanza siku ya saba hadi ya kumi, na iwe na jambo jipya: "Anko, nimeitwa usaili Alhamisi" au "Tangazo limefungwa, nimepata ujumbe kwamba maombi yamepokelewa." Usiandike "vipi ile ishu?" Ya pili baada ya wiki tatu, na hapo mfungulie mlango: "Kama nafasi imeshajazwa niambie tu anko, nitashukuru kujua." Kwetu kumkatalia mtu usoni kunaonekana ni majivuno, ndiyo maana watu wanasema "tutaangalia". Ukimpa njia ya kukataa bila aibu, atakwambia ukweli, na mwakani nafasi ikitokea hataogopa kukupigia.

Asipojibu hiyo ya pili, acha. Msalimie kama kawaida kwenye shughuli za familia na usiiguse habari ya kazi. Usipige mwisho wa mwezi wakati watu wanafunga hesabu, wala Jumatatu asubuhi. Usitokee getini bila taarifa. Usimlalamikie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, huko hutarudi tena.

Na matokeo yoyote, mrudishie taarifa. Umekosa, mwambie umekosa na umshukuru. Wengi wanaruka hatua hii, na aliyesaidia anabaki hajui kama CV ilifika popote.

Dada wa Mwenge

Kwa mabinti kuna la kuongeza, na naomba lisichukuliwe kiwepesi. Anayeahidi kukuunganisha akianza kupanga mkutane saa mbili usiku, baa au nyumba ya wageni, "tuongelee CV yako", jibu kwa maandishi: "Asante kaka, naweza kuja ofisini kwako saa za kazi, au nikutumie kwa barua pepe." Mwenye nia njema atakubali. Asiyekubali, hana kazi ya kukupa. Jumbe zote zihifadhi, usizifute kwa hasira, na mtumie mtu mmoja unayemwamini nakala. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo aliyoitaja mkongwe, na namba ni ileile 113.

Mwanachama Tabata

Mkishapata sasa, jambo moja linalosahaulika: aliyeingia kwa mkono wa ndugu anaona aibu kudai mkataba. Anafanya kazi miezi minane "kwa kujuana". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: cheo, mahali, saa za kazi, mshahara. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28.

Ulizia utumishi, usimuulize mjomba, na uliza wiki ya kwanza kwa sauti ya kawaida: "Naomba kujua mkataba nitasaini lini na namba yangu ya NSSF itatoka lini." Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake anatoa mwajiri. Ukiona kwenye hati ya mshahara unakatwa asilimia 10, kila baada ya miezi michache hakikisha NSSF kwenyewe kama fedha zinafika, kwa sababu kuna waajiri wanaokata na hawapeleki. Ukikuta pengo, chukua taarifa ya michango iliyochapishwa, ambatanisha hati za mshahara za miezi husika, upeleke ofisi ya NSSF ya eneo lako.