Ubingwa wa vyuo vikuu Marekani mwaka 1966: kwa nini Notre Dame na si Alabama?

Mdadisi
Wakuu, nafuatilia historia ya mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, na msimu wa 1966 umenishinda. Notre Dame ilishinda michezo 9 na kutoka sare mmoja. Michigan State ilimaliza na rekodi hiyo hiyo, kwa kuwa sare yenyewe ni ile ya 10-10 ambayo timu hizo mbili zilitoshana nguvu Novemba 19 mjini East Lansing. Alabama ya kocha Bear Bryant ilishinda michezo yake yote 10, kisha ikaichapa Nebraska 34-7 katika Sugar Bowl, mmoja wa michezo ya mwaliko inayochezwa Mwaka Mpya baada ya msimu. Hata hivyo waandishi waliopiga kura ya shirika la habari la Associated Press, na makocha waliopiga ile ya shirika la UPI, waliiweka Notre Dame ya kwanza, Michigan State ya pili na Alabama ya tatu. Isitoshe, nasoma kwamba Ara Parseghian, kocha wa Notre Dame, aliamua kula muda katika dakika ya mwisho badala ya kutafuta ushindi. Timu ya namna hiyo ilitawazwaje?

Mzee wa Takwimu
Ndugu Mdadisi, kwanza tuondoe dhana ya ligi. Hapakuwa na fainali wala msimamo wa pointi kwa taifa zima. Ubingwa ulikuwa kura, na kura ina tarehe yake. Mwaka huo kura zote mbili zilifungwa kabla ya michezo ya mwaliko ya Mwaka Mpya, kwa hiyo kipigo walichopewa Nebraska hakikuhesabiwa popote.

Lakini wanaoililia Alabama wakumbuke miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 1964 ilitangazwa bingwa kabla ya Orange Bowl, mchezo mwingine wa mwaliko, ikaenda huko ikafungwa na Texas 21-17, na ubingwa haukuguswa. Mwaka 1965 Associated Press waliahirisha kura hadi baada ya michezo ya Mwaka Mpya: Michigan State iliyokuwa ya kwanza ikapoteza, Arkansas ya pili ikapoteza, nayo Alabama iliyokuwa ya nne ikaifunga Nebraska ya tatu na kuibuka bingwa. Utaratibu uliibeba kwa njia mbili tofauti, na wa 1966 ukaiangusha. Binafsi naona ilidhulumiwa mwaka huo, ila si timu iliyokosa bahati maishani.

Kocha Mstaafu
Mimi namtetea Parseghian. Mshambuliaji wake Nick Eddy aliteleza akishuka kwenye treni alipowasili East Lansing, akaumia bega na hakucheza. Kwotabeki wake, yaani mpiga pasi anayeongoza mashambulizi, Terry Hanratty, alitolewa robo ya kwanza baada ya kugongwa na Bubba Smith, beki wa Michigan State ambaye ukimwona kwenye picha unaelewa kwa nini hakurudi uwanjani. Aliyeingia, Coley O'Brien, alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Timu hiyo ilikuwa nyuma kwa 10-0 ugenini mbele ya watu 80,000, ikasawazisha mwanzoni mwa robo ya nne, na baadaye teke la Joe Azzaro la yadi 41, la kutafuta pointi tatu, likapita pembeni kidogo ya nguzo.

Ilipopata mpira kwa mara ya mwisho ikiwa karibu na mstari wa yadi 30 upande wake wa uwanja, muda uliobaki ulikuwa dakika moja na ushei. Pasi ikinaswa hapo, Michigan State inahitaji teke moja tu, na mpigaji wao Dick Kenney, aliyepiga bila kiatu, alikwisha kufunga kwa yadi 47 siku hiyo. Wengi husahau pia kwamba katika jaribio la nne, ambalo ni la mwisho kabla ya mpira kwenda kwa wapinzani, na ambapo mwoga angeubutua mpira mbali, Notre Dame ilithubutu kukimbia nao na ikafanikiwa. Wiki iliyofuata iliifunga USC, Chuo Kikuu cha Southern California, 51-0 nyumbani kwao Los Angeles, na wapiga kura waliiona hiyo kabla ya kuamua.

Binti Historia
Shikamoo Kocha. Naongeza jambo ambalo takwimu hazilionyeshi. Alabama ya 1966 haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi. Wilbur Jackson, wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo ili aichezee, alisajiliwa mwaka 1970. Wakati huo huo Michigan State ya kocha Duffy Daugherty ilijengwa na vijana weusi waliofungiwa milango ya vyuo vikubwa vya majimbo ya Kusini: Bubba Smith na Gene Washington wa Texas, George Webster wa South Carolina, na kwotabeki Jimmy Raye wa North Carolina. Notre Dame yenyewe ilikuwa na mmoja tu, Alan Page, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota. Siwezi kusema kura ziliamuliwa na hilo, lakini sikubali Alabama ijadiliwe kana kwamba ilikuwa timu kama nyingine yoyote.

Mdadisi
Marahaba kwa niaba ya Kocha, naye atanisamehe. Limebaki moja: kwa nini Notre Dame na Michigan State hazikukutana tena Mwaka Mpya, au mojawapo ikakutana na Alabama?

Mzee wa Takwimu
Haikuwezekana. Notre Dame ilikuwa na msimamo wa kutocheza michezo ya mwaliko tangu Rose Bowl ya 1925, na haikuulegeza hadi Cotton Bowl ya Januari 1970. Michigan State, iliyokuwa imecheza Rose Bowl msimu uliotangulia, ilizuiwa na kanuni ya Big Ten, ligi ya vyuo iliyomo, iliyokataza timu kwenda huko miaka miwili mfululizo, wala isingeruhusiwa kwenda mchezo mwingine wowote. Rose Bowl ikaenda timu nyingine ya Big Ten, Purdue, ambayo Michigan State ilikuwa imeifunga 41-20 mwezi Oktoba. Purdue ikaishinda 14-13 USC ile ile iliyofungwa 51 na Notre Dame.