Nimeomba mkopo wa nyumba, nimepewa PIPI

Chaki_ya_Ukonga:

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala, mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Ile benki mnaijua. Siitaji. Ile ya bango la barabarani, baba, mama na watoto wawili wanakabidhiwa ufunguo mkubwa kama jembe, wote meno nje. Sasa mimi leo nimetoka kwao na pipi. PIPI. Mtu mzima wa miaka 41, mwalimu wa sekondari, kuna niliowafundisha leo ni madiwani (sawa, ni mmoja), nimepewa pipi.

Nyumba yenyewe wala si ya maajabu. Vyumba vitatu Chanika, milioni 75, ina hati ya wizara, siyo karatasi ya mjumbe. Kianzio nilishakusanya milioni 15: vikoba, kusahihisha mitihani, na pikipiki niliyoiuza huku nalia. Hizo 60 zilizobaki nikasema ngoja nikope kama wale wa kwenye bango.

Miezi minne nawapelekea karatasi. Hati za mshahara, barua ya mwajiri, taarifa ya akaunti, NIDA, upekuzi wa hati kule ardhi, ridhaa ya mke (alisaini huku ananiangalia kama naoa wa pili). Mthamini nimemlipa mimi, kwa pesa yangu, aende kuthamini nyumba ya mtu mwingine! Kuna siku walinirudisha eti muhuri wa mtendaji umefifia. Kwani muhuri mimi ndiye naupaka wino?

Leo nikaitwa. Nikavaa ile shati ya mahafali. Ndani kiyoyozi kinagandisha mbuzi mzima. Dada wa mikopo anabonyeza kompyuta, anaguna, anabonyeza, anaguna. Kisha akanigeuzia kalkuleta nisome mwenyewe. Milioni 27 na vichenji.

"Mwalimu, mfumo unakupa hii."

Nikamwambia nyumba ni 75. Akasema, "Ndiyo, lakini mfumo." Nikamwambia 27 na 15 zangu ni 42, hiyo 33 nyingine naiokota Coco Beach? Akaniangalia kwa ile huruma ya kumwangalia mtoto aliyeangusha andazi kwenye mchanga, akasogeza bakuli.

"Chukua pipi, mwalimu."

Chukua. Pipi. Mwalimu.

Jamani mimi ndiye ninayetoa pipi! Miaka kumi na sita nampa pipi mtoto aliyepata jibu. Leo nimekosa jibu NA nimepewa pipi.

Na hata wangenipa hiyo 60. Riba yao asilimia 15, miaka 19 iliyobaki nifike 60 nistaafu, ni kama laki nane kila mwezi. Namaliza nimelipa milioni 181 na ushee. Yaani nakopa nyumba moja nalipa nyumba tatu, hizo mbili sijui zimejengwa wapi.

Lakini si hesabu iliyoniuma. Ni lile bakuli. Alivyolisogeza kwa kidole kimoja.

---

Nimekaa_Pale:

Uliichukua?

Chaki_ya_Ukonga:

Hilo si la msingi mkuu. La msingi ni kwamba nilipewa.

Nimekaa_Pale:

Aliichukua huyu 😂😂

Fundi_Saruji:

Ya ndimu au ya maziwa? Kama ni ya maziwa hapo umeheshimiwa, mimi niliwahi kupewa kalenda ya mwaka uliopita.

Karani_Mstaafu:

Mleta uzi hasira zimempanda lakini dada wa watu hana kosa. Nyinyi walimu mnafundisha hesabu halafu mkikokotolewa mnanuna. Tuseme mshahara wako ni 1,300,000. Kuna utaratibu wa theluthi moja ya mshahara kutoguswa, kwa hiyo makato yote kwa pamoja yasizidi laki nane na sitini na kitu. Toa kodi ya mapato, toa mfuko wa pensheni asilimia 5, toa bima ya afya asilimia 3, toa bodi ya mikopo ya wanafunzi wa chuo asilimia 15. Unabaki na nafasi ya laki tatu na sitini na tisa hivi. Laki tatu na sitini na tisa kwa riba ya 15, miaka 19, ni milioni 27 na vichenji. Mfumo umepatia. Tena amekufanyia hesabu bure.

Chaki_ya_Ukonga:

Umejuaje mshahara wangu?

Karani_Mstaafu:

Nimetoa mfano tu.

Chaki_ya_Ukonga:

Mfano gani unapatia hadi vichenji? Wewe ndiye uliyekuwa dirisha la tatu?

Mama_Mwantumu:

Mwalimu pole baba yangu. Ila hapo kwenye bodi ya mikopo umenigusa. Kaka yangu amemaliza chuo zamani hizo, bumu (ile pesa ya mkopo wa chuo) amelila kwenye chipsi na muziki, sasa ana mke na watoto watatu bado anakatwa 15 kwa mia. Zile chipsi tunazilipa ukoo mzima.

Nimekaa_Pale:

Kwa hiyo kilichomnyima mwalimu nyumba ni chipsi za mwaka 2006. Nimekaa pale.

Mzee_wa_Kariakoo:

Mnamcheka bure. Swali langu kwa huyo Karani: Benki Kuu tangu Julai 2025 riba yake imeshuka hadi 5.75. Mwalimu anapigwa 15. Hiyo tisa na ushee katikati inakwenda wapi? Kwenye pipi?

Karani_Mstaafu:

Mzee, hiyo 5.75 ni ya benki kukopeshana kwa siku chache, siyo ya wewe kujengea sebule. Pesa za benki ni akiba zenu, leo unaweka kesho unatoa umefiwa. Benki itampaje mwalimu kwa miaka 19 pesa ambayo mwenye akiba anaweza kuja kuichukua Ijumaa? Ndiyo maana 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba. Kabla ya hapo hata hiyo miaka 19 ungeiota. Shida TMRC yenyewe bado ni ndogo. Watanzania tulikuwa zaidi ya milioni 61 sensa ya 2022, wenye mkopo wa nyumba nchi nzima hawajazi hata robo ya Uwanja wa Mkapa.

Mzee_wa_Kariakoo:

Basi siku wakiitwa uwanjani wote wapewe pipi.

Fundi_Saruji:

Mimi sielewi kwa nini mtu na akili zake anakwenda benki. Milioni 15 unayo! Nunua kiwanja, mwaga msingi, mwaka unaofuata tofali mia tano, mwaka mwingine linta. Nchi hii yote imejengwa hivyo. Mimi nimeanza 2014.

Nimekaa_Pale:

Umemaliza?

Fundi_Saruji:

Niko kwenye linta.

Mama_Mwantumu:

😂😂😂 Miaka yote hiyo? Papai si limeota sebuleni?

Fundi_Saruji:

Mapapai mawili. Na tunayala. Simlipi mtu riba.

Chaki_ya_Ukonga:

Wakuu naomba turudi kwenye mada. Mtu anakunyima milioni 33 halafu anakupa pipi. Hivi kweli hamuoni? Angenyamaza tu ningeondoka na heshima yangu. Angesema "pole" ningeitikia. Lakini pipi unamuitikia nini mtu?

Nimekaa_Pale:

"Asante, shikamoo."

Wanjiru_wa_Rongai:

Majirani, mimi nawasoma nikiwa huku Kenya, na sijui kwa nini mnalia. Nyinyi angalau mmeonjeshwa kitu. Huku tunakatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wote kabla hata haujatolewa kodi, sheria ilipita Machi 2024, na mwajiri naye anaongeza 1.5 yake, eti ni ya nyumba za bei nafuu. Kila mwezi! Nyumba yenyewe si eti unapewa kwa sababu umekatwa. Unajiandikisha, unaweka akiba ya kianzio, unangoja, kisha bado unainunua. Pipi sijaona.

Karani_Mstaafu:

Dada Wanjiru lakini nyinyi mna ile KMRC yenu, kama TMRC yetu, mtu anapata riba ya chini ya asilimia 10. Hilo mnalificha.

Wanjiru_wa_Rongai:

Anapata nani? Mwaka 2023 mikopo ya nyumba Kenya nzima ilikuwa kama 30,000 hivi. Sisi wengine tunajua tu kuwa ipo, vile tunajua mwezi uko.

Mkimbia_Jua:

Salamu kutoka Ohio. Mimi naomba nilie kidogo. Huku Marekani kuna FHA, mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya nyumba, ukiwa na alama za ulipaji madeni 580 unaweka kianzio cha asilimia 3.5 tu, miaka 30. Sasa Januari 2021 riba ya wastani ilishuka hadi 2.65. Shemeji yenu akasema tununue. Mimi nikasema tulia mama, wacha kwanza tupange mambo. Tukapanga. Oktoba 2023 ikafika 7.79. Walioshika ile ya chini hawauzi hata uwafukuze na nyuki, kwa hiyo nyumba hakuna, na zilizopo bei haishikiki. Shemeji yenu tarehe zile anazikumbuka kuliko ya harusi yetu.

Mzee_wa_Kariakoo:

Mtu wa 7.79 analia mbele ya mtu wa 15. Mods mpo?

Mkimbia_Jua:

Mzee, huku ukinunua hujamaliza. Kodi ya nyumba kila mwaka ni maelfu ya dola, na bima, na majani ya mbele yakirefuka jirani anakuripoti. Nyinyi kodi ya jengo mnalipa elfu 18 kwa mwaka, tena kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, hamuisikii hata ikiuma.

Dada_wa_Tabata:

NANI HAISIKII? Samahani nimeingia kwa kelele lakini hapo umetonesha kidonda. Mimi ni MPANGAJI. Kila mwezi nikinunua umeme 1,500 inakatwa kodi ya jengo. Jengo la nani? La mwenye nyumba. Nikimwambia arudishe anasema "si unatumia ukuta?" Ukuta! Na kodi anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na mwaka huu kapandisha kwa sababu barabara imewekwa lami. Lami kaiweka yeye?

Mama_Mwantumu:

Wa kwako afadhali. Wa kwangu anaishi nyumba hiyohiyo, mita moja, watu wanne, yeye hanunui umeme anasema tayari anachangia nyumba.

Fundi_Saruji:

Ndiyo maana mimi na linta yangu sina habari na mtu.

Chaki_ya_Ukonga:

Wakuu, kuhusu ile benki...

Dada_wa_Tabata:

Ngoja kidogo mwalimu. Mama Mwantumu, hapo kwenye mita moja watu wanne mnagawanaje? Maana kwetu kuna kijana kahamia mwezi jana, ana jokofu, ana subwoofer kubwa kama kabati, anachangia sawa na mimi mwenye balbu mbili na pasi.

Mama_Mwantumu:

Sisi tulikaa kikao. Mwenye jokofu anaongeza elfu tano. Mwenye pasi anapiga Jumapili tu.

Karani_Mstaafu:

Elfu tano ni ndogo. Jokofu linategemea. La milango mingapi?

Viwanja_Bei_Chee:

Tunauza viwanja Mapinga, 20 kwa 20, unalipa kwa awamu miezi 12 bila riba, usafiri wa kwenda kuona site ni bure Jumamosi. Njoo inbox.

Chaki_ya_Ukonga:

Vina hati?

Viwanja_Bei_Chee:

Vina mkataba wa serikali ya mtaa mkuu, hati utafuatilia mwenyewe taratibu. Site tunagawa maji na soda.

Nimekaa_Pale:

Mwalimu kabla hujaenda, sema ukweli. Ile pipi.

Chaki_ya_Ukonga:

Nilichukua mbili. Moja ya mtoto.

Dada_wa_Tabata:

Milango miwili, ila wa juu haufungi vizuri, kafunga na kamba ya kiatu. Ndiyo linanguruma usiku kucha. Hilo si ndilo linalokula umeme zaidi?

Karani_Mstaafu:

Hilo ni elfu nane. Na kama anagandisha barafu za kuuza ni elfu kumi na tano, muulize.

Dada_wa_Tabata:

Anauza! Barafu za ubuyu! Mia mia! Jamani mimi nilikuwa nanunua kwake!