Ufunguo umekatikia ndani ya kitasa: nimwite fundi au nijaribu mwenyewe?

Muulizaji: Habari zenu, ndugu. Kitasa cha mlango wangu wa mbele kimekuwa kigumu kwa wiki kadhaa, nami nikawa nakitia mafuta ya kupikia kila kinapogoma, mpaka jana usiku ufunguo ulipokatika na kipande chenye meno kikabaki ndani. Ncha yake inaonekana kidogo tunduni. Je, nijaribu kukitoa? Na fundi anayeijua kazi yake nitamtambuaje?

Fundi wa vitasa: Pole sana, ndugu. Usichomeke ufunguo mwingine, kwa sababu utakisukuma kipande ndani zaidi, wala usijaribu kukinasa kwa gundi, maana ikigusa pini, yaani vijiti vidogo vya ndani vinavyosukumwa na meno ya ufunguo, kitasa kimekwisha. Tazama kwanza tundu limekaaje, kwa kuwa kipande hutoka pale tu silinda, yaani kiini kinachozunguka pamoja na ufunguo, inapokuwa katika mkao ule ule ambao ufunguo huingilia. Ikiwa imepinda hata kidogo, irudishe taratibu kwa bisibisi nyembamba, kisha uvute ncha kwa koleo yenye mdomo mwembamba. Ikiteleza mara mbili, acha. Mafuta ya kupikia huganda na kushika vumbi, hivyo pini zinazopaswa kupanda na kushuka juu ya springi zao ndogo hukwama. Kitasa cha aina hiyo hutaka unga mkavu wa grafiti. Tunza vipande vyote viwili, kwani mara nyingi fundi huweza kuchonga ufunguo mpya kwa kuvisoma.

Mchangiaji: Naongeza jambo moja. Ufunguo ukizunguka vizuri mlango ukiwa wazi, lakini ukawa mgumu mlango ukifungwa, kitasa hakina kosa. Mimi nilinunua vitasa viwili bure kabla fundi mmoja hajanionyesha mkwaruzo kwenye bati la mwimo, mahali ambapo ulimi wa kitasa ulikuwa ukigonga chini ya tundu lake kwa upana wa ukucha. Alikaza skrubu za bawaba ya juu, basi.

Mchangiaji wa pili: Fundi mwaminifu hutaja gharama kabla ya kuanza, na hutaka uthibitisho kwamba nyumba ni yako, usikasirike akikuuliza, kwa maana swali hilo ndilo linalokulinda siku ambayo mgeni atamwita mlangoni kwako. Anayeshika drili kabla ya kuchungulia tundu, usimruhusu aguse kitu.

Muulizaji: Nashukuru sana. Tundu lilikuwa limepinda kweli, na kipande kimetoka. Ufunguo wa akiba unazunguka kwa shida hata mlango ukiwa wazi, kwa hiyo kesho namwita fundi aifungue silinda na kuisafisha.