Mjadala: Korona ilituachia nini cha kudumu?

Msomi_wa_Kibanda: Tauni ilipoingia Uingereza 1348 iliua watu wengi hata mashamba yakakosa vibarua. Waliosalia wakadai ujira mnono. Bunge likatunga sheria 1351 kuurudisha ujira ulipokuwa kabla ya tauni, watu wakaikwepa, na 1381 wakulima wakaivamia London. Tuje kwetu Kenya. Aprili 2020 serikali ilishusha kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka 16 hadi 14. Januari 2021 zote zikarudi palepale. Kutuma pesa kwa simu chini ya shilingi 1,000 kulikuwa bure. Mwaka ukaisha, na bure ikaisha. Hata walimu wa shule binafsi wamerudi darasani kwa mshahara uleule. Mimi nasema janga halibadilishi kitu pasipo uhaba wa wafanyakazi, na huku kwetu vibarua hawakuadimika. Nipingeni.

Abiria_Sugu: Nauli je? Matatu ziliambiwa zibebe asilimia 60, nauli ikapanda. Viti vikajaa tena, nauli ikakataa kushuka. Hilo si la kudumu?

Dere_wa_Rongai: Dizeli unaijua bei wewe? Usitubebeshe lawama za pampu.

Mwalimu_Achia: Msomi, nani kakwambia tumerudi darasani? Nilipofundisha, ada ilikatika mwezi uleule shule zilipofungwa, na mshahara ukakatika nayo. Niliporudi kuchukua vitabu vyangu nilikuta madawati yamerundikwa nje yananyeshewa, darasa la tatu limemwagwa maranda, limejaa vifaranga, taa ya joto inaning'inia kwenye boriti. Ubaoni tarehe yangu ilikuwa bado: Ijumaa, 13 Machi 2020. Shule ile haikufunguliwa tena. Wewe unaandika "wamerudi" kana kwamba ulituhesabu mlangoni.

Dere_wa_Rongai: Pole mwalimu, lakini mwenye shule alikuwa na mkopo wa benki. Kuku hawaombi kuahirishiwa ada. Angefanyaje?

Mwalimu_Achia: Angetuita atwambie. Hilo tu. Tulijua kwa majirani.

Kaka_wa_Temeke: Poleni watani, ila hayo mliyataka wenyewe. Huku Bongo shule zilifungwa Machi, na Juni 2020 watoto wakarudi. Nyinyi wengine mpaka Januari 2021! Mwaka mzima wa mtoto umeliwa.

BintiKisauni: Kaka, usitupigie kifua. Huko kwenu takwimu zenyewe zilikoma kutolewa, tangu mwisho wa Aprili. Mtu atajuaje nani alikufa na nini?

Kaka_wa_Temeke: Tulizika kama nyinyi mlivyozika, dada. Ila mama ntilie hakufungiwa ndani akose mlo wa jioni. Wenu walipigwa virungu kivukoni Likoni, Mombasa, amri ya kutotoka nje ilipoanza. Au mmeshasahau?

BintiKisauni: Sijasahau. Nilivuta gesi ya machozi siku ile, na hiyo haikufanyi wewe uwe daktari.

Mzee_wa_Longido: Vijana, mnaenda mpaka Uingereza na huku kuna sotoka, tauni ya ng'ombe. Miaka ya 1890 ng'ombe wa Wamaasai walikwisha, ndui ikafuata, watu wakafa kwa njaa. Mzungu akakuta malisho hayana mifugo akasema ardhi haina mwenyewe. 1904 Wamaasai wakaondolewa Bonde la Ufa. Ardhi ile hawakurudishiwa hadi leo. Hayo ni mabadiliko ya kudumu, ila faida alikula mwingine.

Msomi_wa_Kibanda: Shikamoo mzee. Ndipo ninapotaka tufike. Tauni ileile iliyompa nguvu kibarua wa Uingereza iliiacha Misri ya Wamamluki, watawala wa kijeshi wa enzi ile, na mifereji isiyo na watu wa kuizibua, na mkulima wa kule hakupata nafuu. Basi kinachoamua ni nani mwenye nguvu ugonjwa unapopita. Na nikubali moja: kikomo cha kutuma pesa kwa simu kilipanda kutoka 70,000 hadi 150,000 mwaka ule, na hakikurudi chini.

Abiria_Sugu: Mwenye 150,000 za kutuma hapandi matatu. Turudi kwenye nauli.

Mwalimu_Achia: Msomi umemjibu mzee, mimi hujanijibu. Nikwambie kilichobadilika. Nafundisha watoto wachache nyumbani kwao, mzazi analipa Jumamosi kwa simu kabla sijafungua kitabu. Asipolipa, siji. Shule mbili zimeniita nirudi. Nimeomba mkataba wa maandishi unaotaja mshahara wa likizo, na zote zimenyamaza.

BintiKisauni: Hongera mwalimu, kwa moyo. Lakini mtoto wa jirani yangu asiye na hiyo ya Jumamosi anasomeshwa na nani? Na masomo ya ziada ya likizo yamepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi tangu 2013.

Mwalimu_Achia: Sheria hiyo ilikuwa wapi niliponyimwa mshahara? Huyo mtoto mlete Jumapili mchana, dada. Nitamfundisha bure. Lakini usinitajie sheria.

Dere_wa_Rongai: Mwalimu, uko sehemu gani? Wangu yuko darasa la sita, hesabu zimemshinda. Ninalipa Ijumaa.

Abiria_Sugu: Kwa nauli ya nani?