Mjadala: Shule ndogo ya umma Nairobi ilipie programu za masomo, au imtafute fundi kwanza?

Mwenye hoja (mjumbe wa bodi ya shule ndogo ya msingi ya umma, Nairobi)

Hoja ninayoileta kwenu ni kwamba shule ndogo ya umma katika jiji hili isitie saini mkataba wa kulipia programu za masomo kila mwaka, wala isinunue vishikwambi vipya, kabla haijapata njia ya kudumu ya kumlipa mtu wa kutunza vifaa ilivyo navyo tayari. Nayasema haya nikijua kwamba wauzaji wa programu hizi hawakosi kubisha hodi shuleni muhula unapoanza, na kwamba wazazi wengi wanaamini shule isiyo na skrini imewaacha watoto wao nyuma.

Hesabu ndiyo inayonisukuma. Mgao wa elimu ya msingi bila malipo umekuwa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 1,800 hutarajia shilingi 2,556,000, ilhali yenye wanafunzi 240 hutarajia shilingi 340,800, nazo ndizo zinazotakiwa kulipa stima, maji, bawabu, karatasi na vioo vilivyovunjika. Serikali hugawa kwa kuhesabu watoto, lakini gharama za teknolojia hazijali idadi yao. Seva ni moja, ruta ni moja, laini ya intaneti ni moja, na fundi akiitwa hudai ujira uleule, awe anakuja kwa watoto 240 au 1,800. Kwa hiyo kila mtoto wa shule ndogo hubebeshwa gharama ambayo mwenzake wa shule kubwa haioni kabisa.

Tulikwisha kupitia jambo hili kwa kiwango cha taifa. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani ikiwa imeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014, na mpango ukaanza kufanyiwa majaribio mwaka 2016 katika shule 150 kupitia ubia wa aina mbili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Kufikia hapo kipakatalishi kilikuwa kimegeuka kuwa kishikwambi. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule zaidi ya 20,000, pamoja na projekta, seva ya masomo na vifaa vya walimu, na nyaya za umeme zikafika mahali ambapo hazikuwahi kufika. Hayo ni mafanikio, na sitayabeza. Lakini shule ya msingi ya umma haikupangiwa fundi wa kompyuta. Mwalimu aliyehudhuria mafunzo ya siku chache ndiye aliyekabidhiwa funguo za kabati, na alipohamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, ujuzi wote uliondoka naye. Nani yuko tayari kunieleza kwa nini programu ya kulipia haitafuata njia hiyohiyo?

Mwalimu wa Sekondari Msingi, Kasarani

Ndugu mjumbe, hesabu yako ni sahihi kadiri inavyokwenda, ila haiendi mbali. Tangu Januari 2023 watoto wa Gredi ya 7 wamekuwa wakisomea katika viwanja vya shule hizohizo za msingi, na mgao wao uliwekwa kuwa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yako yenye watoto 240 ikiwa na wengine 60 wa Gredi ya 7 hadi ya 9, inatarajia shilingi 902,520 zaidi. Hujazitaja.

Pili, unaongea kana kwamba shule ina hiari ya kusubiri. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba ambao mtaala wetu umejengwa juu yake. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu za kompyuta mwaka 2022. Tathmini za shuleni tunazipakua kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani, tunazichapisha, tunasahihisha, kisha tunapakia alama huko huko, na alama za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya zile zinazompeleka mtoto Sekondari Pevu. Mwaka 2025 watoto wa Gredi ya 9 walichagua shule zao kupitia tovuti. Mtoto aliyeishika kompyuta kwa mara ya kwanza siku ile alifanyiwa uchaguzi na mtu mwingine.

Tena, shule ndogo ndiyo yenye nafasi nzuri ya kufaulu. Katika shule ya wanafunzi 1,800, kishikwambi kimoja hugombaniwa na watoto wengi hadi kipindi kiishe. Kwetu sisi wachache, vifaa thelathini vinatosha darasa zima, na programu nzuri inayosahihisha mazoezi ya hisabati papo hapo hunionyesha nani amekwama kwenye sehemu kabla sijafika kwenye asilimia. Watoto wa shule za kibinafsi walio ng'ambo ya barabara wanayo hayo leo. Kila muhula tunaosubiri fundi, pengo linapanuka.

Mzazi, Kawangware

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nieleze fedha hizo za ziada zitatoka kwa nani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza karo katika shule za umma, na inasema mtoto asikataliwe shuleni kwa kushindwa kulipa ada nyingine yoyote, hata ikiwa imeidhinishwa na Waziri. Hata hivyo sisi wazazi tunajua jinsi "mchango wa kompyuta" unavyoanza kama ombi kwenye mkutano na kuishia kuwa sharti la kupewa ripoti. Kampuni hutoa programu bure mwaka wa kwanza, watoto wakizoea, bei inakuja. Ni sawa na kuletewa jiko la gesi na mtu anayejua kwamba mtungi utajazwa na wewe. Na programu hizo zikihitaji mtoto aendelee nyumbani, simu ni yangu na bando ni langu.

Fundi wa kompyuta, Luthuli Avenue

Naona mnajadili kununua na kutonunua. Mimi hukutana na vifaa vikiwa vimekwisha kufa, kwa hiyo niruhusuni nieleze vinavyoviua, maana sehemu kubwa ya vifo hivyo ingezuilika.

Vishikwambi vya shule huuawa na kabati kuliko na watoto. Mwalimu mkuu huogopa wizi, na ana haki ya kuogopa, kwa hiyo huvifungia nyuma ya vyuma. Likizo inapita, muhula mwingine unapita bila mtu kuvigusa, na betri ya lithiamu iliyoachwa ikiwa tupu kwa miezi hushuka chini ya kiwango ambacho chaja inaweza kuiamsha. Wanaponiletea, husema kifaa kimekufa, kumbe ni betri peke yake. Vifaa vikiwekwa vikiwa na chaji nusu na kuguswa kila baada ya wiki kadhaa, vitadumu miaka. Adui wa pili ni stima inayorudi kwa kishindo baada ya kukatika, ambayo huunguza chaja na seva isiyokuwa na kilinda umeme. Wa tatu ni kitundu cha chaja kinacholegea, kazi ya kuchomelea ya muda mfupi tu mezani kwangu.

Kuhusu kompyuta za mezani na vipakatalishi vya mtumba ambavyo wafadhili hupenda kuzipa shule: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Shule itaambiwa lazima inunue nyingine. Si lazima. Mashine hizo hufanya kazi vizuri kwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao haulipiwi. Na si kila programu ya masomo inauzwa: Kolibri ya shirika la Learning Equality ni ya bure, huwekwa kwenye kompyuta moja, na vishikwambi vikajiunga nayo kupitia ruta ya darasani bila intaneti kabisa. Kiwix huweka Wikipedia nzima kwenye diski kwa namna hiyohiyo. Mtoto husoma hata siku ambayo laini ya intaneti imekatwa kwa kutolipiwa. Kinachohitajika ni mtu wa kuziweka na kurudi kuzitazama, na hapo ndipo ninapokubaliana na mjumbe.

Mwalimu mkuu mstaafu, Buruburu

Nitaongeza jambo moja ambalo vijana wa programu hawapendi kulisikia. Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia kufundisha kusoma katika madarasa ya chini: vishikwambi kwa maafisa wanaowatembelea na kuwashauri walimu, vishikwambi kwa walimu wenyewe, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Njia zote tatu ziliinua usomaji ukilinganisha na shule zisizohusishwa, lakini hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Ya bei nafuu ilikuwa ile ya kumpa kifaa afisa mmoja anayezunguka shule nyingi. Mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifuata mkondo huo: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa kila mwalimu, kishikwambi kwa afisa.

Nisieleweke vibaya. Utafiti ule ulihusu kusoma katika madarasa ya chini, na haunipi ruhusa ya kumwambia mwalimu wa Kasarani jinsi ya kufundisha Gredi ya 9. Ila kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, mtu akiniletea mkataba wa programu ilhali watoto wanagawana kitabu cha Kiswahili watatu watatu, nitamrudishia karatasi zake. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisema bidhaa hizi hubadilika kila baada ya miezi 36 kwa wastani. Kitabu chenye gamba gumu hukaa muda mrefu kuliko huo.

Wakili, Upper Hill

Hakuna aliyetaja data za watoto, yaani habari zao binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata habari za mtoto, na namna ya kuzichakata iwe inalinda haki na maslahi yake. Hili si tishio la karatasini: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukizingatia hesabu ya mjumbe, faini kama hiyo ni zaidi ya mgao wa miaka kumi wa wanafunzi wake 240.

Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa za elimu mtandaoni zilizopendekezwa na serikali katika nchi 49 wakati wa janga la Korona, likakuta asilimia 89 zilihatarisha au kukiuka haki za watoto kwa namna zilivyoshughulikia data zao. Kwa hiyo kabla bodi haijauliza bei, iulize jina la mtoto, alama zake na makosa yake vinahifadhiwa wapi, nani huviona, na vinafutwa lini mkataba ukikoma. Muuzaji asiyeweza kujibu kwa maandishi asirudi.

Mwenye hoja

Mwalimu wa Kasarani, fedha za Sekondari Msingi zipo kwenye karatasi, lakini wewe na mimi tunajua huchelewa, na zinapofika, zina wenyewe: vifaa vya sayansi, tathmini, ukarabati, shughuli za michezo. Hata zikifika zote, hoja haibadiliki, kwa sababu shule yenye watoto 400 wa Sekondari Msingi bado itagawanya gharama ileile ya seva kwa vichwa vingi kuliko yenye 60.

Hata hivyo maelezo ya fundi yananifanya niipanue hoja yangu badala ya kuilegeza. Ikiwa kazi inayookoa vifaa ni ya saa chache kwa mwezi, basi shule ndogo moja haihitaji fundi mzima. Shule tano au sita za eneo moja zinaweza kumlipa mmoja awe na siku yake katika kila shule, zikatumia mkusanyiko mmoja wa masomo ya bure yaliyokwisha kupangwa kufuata mtaala wetu, na zikimhitaji muuzaji, zizungumze naye kwa sauti moja kuhusu bei na kuhusu data. Wizara nayo itenge kiasi kisichobadilika kwa kila shule kwa ajili ya teknolojia, kisha ndipo ihesabu vichwa kwa yaliyosalia.

Mwalimu mkuu mstaafu, Buruburu

Wazo ni zuri, lakini kila bodi huwajibika peke yake mbele ya mkaguzi wa hesabu. Fundi akiharibu seva katika shule ya tatu, ni mwalimu mkuu yupi atakayeitwa? Mambo haya yaandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, kila shule imlipe kwa siku alizofika kwake na iweke risiti zake yenyewe, bila mfuko wa pamoja ambao hauna mwenyewe.

Mwalimu wa Sekondari Msingi, Kasarani

Kwa masharti hayo ya Mzee wa Buruburu naafiki fundi wa pamoja, na Kolibri nitaijaribu. Nisichokubali ni neno "kabla". Watoto wangu wa Gredi ya 9 hawana mwaka mwingine wa kungoja bodi sita zikubaliane. Fundi atafutwe na vipindi vya kompyuta viendelee wakati uleule, kwa vifaa vilivyopo, na programu ya kulipia ibaki mezani kwa madarasa matatu ya juu pekee hadi tuone ya bure imefika wapi.

Mzazi, Kawangware

Ibaki mezani, lakini mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa wazazi, pamoja na bei ya mwaka wa pili na wa tatu, kabla mtu yeyote hajashika kalamu.